Hamu ya Masomo, na Kinachoiua

Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yanapotoka, maswali humiminika kwetu sisi waalimu, nayo kwa kawaida ni yale yale. Kozi gani ina mkopo? Kozi gani ina ajira? Kozi gani ni nyepesi? Siwalaumu wanaouliza, maana mtoto wa mkulima asiyeuliza habari za ada atakuwa hajui hali ya kwao. Lakini liko swali moja ambalo nimelisikia mara chache sana, nalo ni hili: je, somo hili nitaweza kukaa nalo miaka mitatu au minne bila ya mtu kunisimamia? Hilo ndilo nataka kulizungumza katika gazeti letu muhula huu, kwa kuwa wengi wa vijana wetu watakuwa wamekwisha kujaza maombi ya vyuo kabla ya toleo lijalo kutoka, na wazazi wao watakuwa wamekaa karibu wakiwaonyesha mahali pa kutia alama.

Hapa shuleni mambo yana utaratibu wake. Kengele hulia kabla ya jua kutoka. Yuko mwalimu wa zamu, yuko kiranja, majina huitwa asubuhi na jioni, na prepo ya usiku ina msimamizi. Mvivu na hodari wote hukaa dawatini saa zile zile, na mtu akichungulia dirishani hawezi kujua yupi asoma na yupi aota. Chuo Kikuu hakuna kengele. Mhadhiri huingia katika ukumbi wenye watu mia kadhaa, husema yake kwa saa moja au mbili, kisha huenda zake. Jina lako halijui. Mtihani uko mbali, na kati ya leo na siku hiyo kuna simu, kuna mpira, kuna marafiki, kuna usingizi. Kinachomtoa kijana kitandani kwenda maktaba siku ya Jumamosi si amri ya mtu. Ni kitu kilichomo ndani yake, ama hakimo. Wako waliokuwa wa kwanza katika shule kama yetu ambao wamekwenda kuangukia huko, na watu wa kwao wakasema ati wamerogwa. Hawakurogwa. Walikuwa wamezoea kusukumwa, na siku msukumaji alipoondoka gari likasimama.

Watu wengine hudhani ya kuwa kazi ya hamu ni kumfanya mtu asome saa nyingi zaidi. Kama ingekuwa hivyo tu, basi fimbo ingeweza kuifanya kazi hiyo, maana fimbo nayo huongeza saa. Hamu hubadili hata namna ya kusoma. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Göteborg, nchini Uswidi, Ference Marton na Roger Säljö, walitangaza habari za uchunguzi wao. Waliwapa wanachuo makala waisome, wakawaambia ya kwamba wataulizwa maswali baadaye. Kisha hawakuwauliza yaliyomo tu, bali waliwauliza pia waliyasoma vipi. Wakakuta wasomaji wa namna mbili. Wengine walikuwa wakijitahidi kuyashika maneno kama yalivyo, mstari kwa mstari, wakikisia yatakayoulizwa. Wengine walikuwa wakimtafuta mwandishi: anataka kusema nini, na neno hili lahusianaje na lile? Wa kwanza waliitwa wasomaji wa juu juu, wa pili wasomaji wa kina. Wale wa juu juu walikumbuka vipande vipande, lakini hoja yenyewe iliwapita. Mwenzao Anders Fransson, katika mwaka 1977, aliendeleza kazi hiyo, akaona ya kwamba mtu anayeona makala yamhusu huelekea kusoma kwa kina, na mtu anayesoma kwa hofu ya kuulizwa huelekea kusoma juu juu.

Mwalimu yeyote aliyesahihisha karatasi atakuwa amewatambua watu hao. Mwanafunzi wa juu juu hukuandikia maana ya neno sawasawa na ilivyo katika daftari, pamoja na kosa ulilolifanya wewe mwenyewe ubaoni. Mgeuzie swali kidogo, ukamtajia ng'ombe badala ya mbuzi, naye amepotea. Hapa shuleni anaweza kufaulu, kwa kuwa maswali ya miaka iliyopita yanapatikana na mengine hurudi. Akifika chuoni atatafuta madesa, kama wenyewe wanavyoyaita, yaani muhtasari uliopita mikononi mwa watu wa miaka mitano iliyopita, na huo ndio utakuwa usomi wake mpaka siku ya kuvaa joho.

Nchi yetu imelijua jambo hili tangu Chuo Kikuu chetu kilipozaliwa. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20. Hao hawakuwa na haja ya kuulizwa wanasoma kwa nini. Wanasheria Waafrika nchini walikuwa wachache mno, na kila mmoja wao alijua ya kuwa angojwa. Miaka 5 baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kuyapinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Ugomvi ule ulikuwa wa fedha na wa siasa, lakini chini yake lilikuwamo swali letu: mtu asoma kwa ajili ya nini?

Jibu moja lilitolewa Musoma. Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliamua ya kwamba anayemaliza sekondari asiende Chuo Kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi, na apate sifa njema za huko alikofanyia. Azimio lile lilikuwa na kasoro. Wasichana walipungua vyuoni, ikabidi wao walegezewe sharti, na baadaye mpango wenyewe ukaachwa. Walakini fikira iliyokuwa ndani yake naiona njema hata leo. Muuguzi aliyezalisha wanawake miaka mitatu katika zahanati ya kijijini, anapofundishwa habari za kifafa cha mimba, hana haja ya kuambiwa ya kuwa somo hilo ni la maana. Amekwisha kumwona mgonjwa wake akitetemeka kitandani, gari hakuna, na mvua inanyesha. Atauliza maswali ambayo mwenzake aliyetoka dawatini jana hawezi kuyauliza, kwa kuwa hajui kama yapo.

Siku hizi njia ni nyingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi mwezi wa Julai 2005, na wako maelfu ya watoto wa maskini ambao bila ya bodi hiyo wasingaliuona mlango wa chuo. Hilo lazima lisemwe kwanza, maana watu ni wepesi kulaumu chakula wakiwa wameshiba. Lakini fedha haiwatoshi wote. Basi kozi hupangwa katika mafungu kwa kadiri ya mahitaji ya nchi, na kwa miaka mingi ualimu wa sayansi na hisabati, pamoja na udaktari, umekuwa katika fungu la mbele. Serikali haina kosa hapo, kwani nchi yataka waalimu wa hisabati. Shida ni yule kijana aliyeitazama orodha akasema moyoni, nitakuwa mwalimu, kwa kuwa ndiko mkopo uliko. Baada ya miaka mitatu ana shahada. Baada ya miaka mingine ya kungoja ajira, asimama mbele ya darasa la watoto 60, akiwa hakupata kupenda hata siku moja kumweleza mtu jambo lolote. Watoto hao 60 wataulipa mkopo ule mara ya pili, wala hapana bodi itakayowaandikia risiti.

Tena wako wanaosoma kitu walichokiandika ili kujaza nafasi. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilikuwa ikipokea maombi ya vyuo kwa mfumo mmoja. Mwaka 2017 waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja. Mifumo yabadilika, lakini desturi yetu haibadiliki: chaguo la kwanza huandikwa kwa matumaini, la pili kwa hofu, na la mwisho kwa mzaha. Kisha alama zinatoka kidogo tu chini ya zilizotazamiwa, na lile la mzaha ndilo mtu husomea miaka mitatu.

Sasa nataka kutoa habari za mwanafunzi mmoja wa nchi hii, ambaye jina lake hutajwa katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na hapa kwetu wengi hawamjui. Huyo ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, yeye na wenzake walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yawekwe katika friji. Nafasi katika friji ilikuwa ndogo na wagombeaji walikuwa wengi. Siku moja Mpemba, akichelea kuikosa nafasi, aliyatia yake yakiwa bado ya moto. Mwenzake mmoja alikuwa ametia yake bila hata kuyachemsha. Walipokwenda kutazama, maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenzake bado ni uji.

Akamwuliza mwalimu wake wa fizikia. Akaambiwa ya kuwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezi kuwa. Wengi wetu tungaliishia hapo, na kwa kweli si vibaya kumwamini mwalimu. Lakini Mpemba alilibeba swali lake mpaka Mkwawa, Iringa, alikokwenda kwa masomo ya juu ya sekondari. Huko mwalimu mwingine akamjibu ya kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote, na tangu siku hiyo darasa likapata neno la kumtania. Bado hakuliacha. Alipopata nafasi katika maabara alijaribu mwenyewe kwa maji. Hata siku moja Dk. Denis Osborne wa chuo cha Dar es Salaam akafika shuleni pale kuzungumza na wanafunzi, na ulipofika wakati wa maswali Mpemba akasimama: ukitia katika friji vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake walicheka na kuona haya kwa ajili yake. Mgeni hakucheka. Alisema atakwenda kulijaribu jambo hilo, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao wakaandika pamoja katika jarida la Physics Education, na hata leo jambo lile huitwa kwa jina la kijana huyo.

Wataalamu bado wanabishana. Mwaka 2016 Burridge na Linden, huko Uingereza, walipima tena kwa uangalifu mkubwa wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Mabishano hayo nawaachia wenyewe. Mimi natazama kitu kingine: swali lile halikuwa na alama hata moja katika mtihani wowote. Hakuna aliyemwahidi Mpemba kitu. Alichekwa mara mbili, na bado alikaa nalo kwa miaka, akalijaribu, akalipanga vizuri mpaka likawa na tarakimu zake, ndipo akamletea mtu aliyestahili kuulizwa. Ukisoma sifa ambazo wahadhiri huzitaka kwa mwanachuo wa mwaka wa tatu anayefanya utafiti, hazizidi hizo. Kijana alikuwa nazo tangu Kidato cha Tatu, na chanzo chake ni aiskrimu.

Tazameni pia jinsi hamu ile ilivyokaribia kufa. Haikukaribia kufa kwa umaskini wala kwa ukosefu wa vitabu, bali kwa jibu fupi la mtu mzima aliyekuwa na haraka. Sisi waalimu twajibu namna hiyo mara ngapi kwa wiki? Silabasi ni ndefu, muhula ni mfupi, na anayeuliza jambo lisilokuwamo humwona kila mtu kuwa anamchelewesha. Nami sisemi kila swali lijibiwe. Osborne naye hakujibu siku ile. Alisema tu ya kwamba atajaribu.

Nayasema haya kwa sababu ya pendekezo lililotolewa na baadhi ya wazazi katika mkutano wa muhula uliopita, nalo laelekea kupita: kwamba kila mwanafunzi wa Kidato cha Sita apewe shilingi 20,000 kwa kila A atakayoipata katika mtihani wa majaribio. Nia yao ni njema, na waliokwisha kuchanga wastahili shukrani. Mimi nalipinga, na sababu zangu ni hizi.

Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Edward Deci, alitangaza jaribio alilolifanya kwa wanachuo 24. Aliwapa mchezo wa vipande 7 vinavyounganishwa kuwa maumbo mbalimbali, mchezo ambao kwa bahati waitwa Soma, ingawa jina hilo halina udugu na Kiswahili chetu. Siku ya kwanza makundi mawili yalicheza bila malipo. Siku ya pili kundi moja lililipwa dola 1 kwa kila umbo walilolipata, na kundi la pili halikulipwa. Siku ya tatu hakuna aliyelipwa. Kila siku mwenye jaribio alitoka chumbani kwa dakika 8 kwa kisingizio fulani, akawaacha na magazeti mezani wafanye wapendavyo, naye akawa anawatazama kwa siri. Siku ile ya tatu, wale waliopata kulipwa waliushika mchezo kwa muda mfupi kuliko walivyofanya siku ya kwanza, kabla ya fedha kuingia. Mchezo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni sababu ya kuucheza: walikuwa wakicheza kwa kupenda, wakafundishwa kucheza kwa malipo, na malipo yalipokoma kukawa hakuna sababu.

Wako waliombishia, hasa katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 Deci na wenzake walikusanya majaribio 128 ya namna hiyo, wakayapima pamoja, wakaona ya kwamba zawadi ya kushikika mkononi, iliyoahidiwa mapema kwa kazi yenye mvuto, huipunguza hamu. Lakini tusiyazidishe maneno yao. Hawakusema kila zawadi ni sumu. Kazi isiyo na mvuto wowote, kama kufagia bweni, haina hamu ya kuharibiwa, ilipieni mkitaka. Tena sifa ya kweli, mtu akiambiwa kwa maneno ya kuwa kazi yake ni nzuri na kwa sababu gani, haikuipunguza hamu ya wanachuo hao, iliiongeza. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumtuza mtoto wake asifikiri namkataza kumpongeza. Nakataza bei.

Fikirini tutakayemtuma Chuo Kikuu. Miaka miwili atakuwa amefundishwa ya kwamba A moja ya fizikia ni shilingi 20,000. Atafika huko, hapana mzazi mwenye bahasha, na fizikia imekuwa ngumu mara tatu. Atauliza, kwa haki kabisa, sasa nalipwa nini? Kwa hesabu yangu fedha iliyotajwa mkutanoni yatosha kukodi basi mara mbili. Wanaotaka kusoma sheria wapelekwe mahakamani wakae kutwa nzima wasikilize kesi za mipaka ya mashamba. Wanaotaka udaktari waone hospitali ya mkoa siku ya kliniki, si siku ya sherehe. Pengine mmoja au wawili watarudi wakisema kazi hii siiwezi, na huyo tutakuwa tumemwokolea miaka mitano.

Liko jambo jingine ambalo watu hulipa jina la uvivu. Deci na mwenzake Richard Ryan, katika kazi yao ya miaka mingi, wanasema ya kwamba hamu yataka mambo matatu: mtu aone amechagua mwenyewe, aone anaweza, na aone yu pamoja na watu wanaomjali. La pili ndilo linalotuumiza sana hapa kwetu. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari masomo karibu yote hugeuka Kiingereza, na Chuo Kikuu ni hivyo hivyo. Mtu asiyeelewa sentensi hawezi kumtafuta mwandishi ndani yake; hana budi kuyashika maneno kama mawe. Huyo ni msomaji wa juu juu kwa kulazimika. Nimewaona vijana waliokuwa wakisinzia katika kipindi cha biolojia wakibishana kwa Kiswahili chini ya mwembe juu ya sababu ya mapacha kufanana, na wakibishana vizuri. Hamu ipo, lakini mlango wake una lugha wasiyoiweza. Wenye kupanga elimu watuambie watafanya nini juu ya lugha. Wakati tunawangoja, sisi tunaweza kuwaacha wanafunzi walijadili jambo kwanza kwa lugha waijuayo, kisha waliandike kwa ile ya mtihani.

Wanafunzi wasinishangilie mapema, maana zamu yao imefika. Siku hizi nimesikia neno limekuwa fasheni: somo hili sina hamu nalo. Husemwa kwa upole, kama mtu asemaye hana damu ya kundi fulani, kana kwamba hamu ni kitu cha kuzaliwa nacho na hakuna la kufanya. Sikubali. Hamu nyingi huanza zikiwa ndogo sana, na hukua kwa kulishwa. Marekani, Chris Hulleman na Judith Harackiewicz walitangaza mwaka 2009 jaribio walilolifanya katika madarasa ya sayansi ya sekondari. Wanafunzi wengine waliandika muhtasari wa waliyofundishwa, na wengine waliandika jinsi waliyofundishwa yanavyohusu maisha yao wenyewe. Kwa wale waliokuwa hawajitumainii, kazi hiyo ndogo ya kuandika iliongeza hamu, ikaongeza na alama. Kumbukeni, hawakuambiwa na mwalimu kuwa somo lina faida. Waliitafuta faida wenyewe.

Twaweza kufanya hivyo bila ya mtaalamu yeyote. Chukueni salfa. Katika kemia mnaijua kwa maumbile yake, kwa rangi yake ya manjano, na kwa jinsi inavyotengenezwa kuwa asidi. Mnaikariri, mnaijibu, mnaisahau. Sasa mwulizeni mwenzenu yeyote aliyetoka Mtwara au Lindi. Atawaambia ya kwamba salfa ni vumbi analolijua tangu utoto, ambalo baba yake hulipulizia mikorosho kila mwaka ili kuuzuia ubwiri unga, na ya kuwa ikichelewa kufika kijijini watu hawalali. Kwa nini vumbi hilo liue ukungu na lisiue mkorosho? Kwa nini mwenye kupulizia huumwa macho? Katika udongo huenda wapi baada ya miaka 20? Hayo ni maswali ya Chuo Kikuu, na kijana mwenye kwao korosho anayo haki ya kuyauliza kuliko profesa. Lakini ameketi darasani miaka mingi bila ya kujua ya kuwa salfa ya daftari na salfa ya baba yake ni moja.

Profesa Wangari Maathai wa Kenya, alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani huko Oslo mwaka 2004, alisimulia mto mdogo uliokuwa karibu na kwao, alikokwenda kuchota maji akiwa mtoto, akajaribu kuyaokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Msichana huyo alikwenda kusomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Siwezi kusema ya kuwa mayai ya vyura ndiyo yaliyompa shahada. Kazi ndiyo iliyompa, na mingi ya kazi hiyo haikosi ilikuwa ya kuchosha. Hakuna somo lisilo na kurasa kavu. Mwenye hamu huzipita kwa kuwa anajua anakokwenda.

Neno langu la mwisho ni kwa wazazi. Msiwachagulie, lakini pia msiwaache peke yao na simu na orodha ya kozi. Kaeni nao mapema, kabla ya matokeo, wakati hapana hofu. Msimwulize mtoto anataka kuwa nani. Swali hilo kila mtoto amekwisha kulikariri jibu lake. Mwulizeni ni kitu gani alichokisoma mwaka huu ambacho hakikuwa katika mtihani, na mwacheni aeleze mpaka achoke. Akiwa hana la kusema, msimgombeze. Jueni tu ya kuwa bado kuna kazi. Akiwa nalo, basi litafuteni katika orodha ile, hata kama halikuwekwa katika fungu la kwanza la mkopo, kisha pigeni hesabu ya fedha mkiwa na macho wazi. Ikiwa hesabu itakataa, na achukue ile yenye mkopo, maana kusoma ni bora kuliko kukaa. Lakini na ajue toka siku ya kwanza ya kuwa hamu atalazimika kuitafuta huko huko, kama mtu aingiaye nyumba ya kupanga na kuanza kupanda maua.

Maktaba yetu hufungwa Ijumaa saa kumi alasiri mpaka Jumatatu. Mimi niko tayari kukaa humo Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa sita, na waalimu wenzangu wawili wamekubali kupokezana nami. Hakutakuwa na mahudhurio wala kengele, na mwanafunzi anaweza kusoma kitabu chochote kilichomo. Kibali cha Mkuu wa Shule tumekwisha kukiomba, na twatumaini kuanza Jumamosi ya pili ya muhula ujao.